Kutoka Risaga hadi Egesangio: Chemshabongo za Vipande na Mafunzo ya Ushirikiano katika Darasa la Kiswahili, Kisii na Nyamira

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kufunza Kiswahili katika shule za upili za kaunti za Kisii na Nyamira anaifahamu picha hii. Wanafunzi sita wameketi kuzunguka dawati moja. Mmoja ameshika kalamu na ndiye anayeandika, wa pili anamwambia la kuandika, wa tatu anaunga mkono kila linalosemwa. Watatu waliobaki wanasubiri kengele. Mwalimu akipita, wote huinamia karatasi kwa bidii kubwa, na akishapita, kalamu hurudi kuwa ya mtu mmoja. Katika azimio la kazi somo hilo litaandikwa kwamba lilitumia mbinu ya makundi.

Makala haya yanadai kwamba kuwaketisha wanafunzi pamoja si kuwafunza ushirikiano. Ushirikiano hufunzwa pale ambapo kazi yenyewe haiwezekani bila kila aliyepo, na katika somo la Kiswahili chemshabongo ya vipande ndiyo njia nyepesi zaidi ya kuunda kazi ya namna hiyo. Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu, kwa kuwa mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Tumeambiwa tuufunze ushirikiano, ila namna ya kuufunza tumeachiwa wenyewe.

Risaga na egesangio

Jamii ya Abagusii ilijua zamani kwamba kufanya kazi pamoja kuna namna zaidi ya moja. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyeandika kuhusu Abagusii, alichapisha mwaka 1951 uchunguzi wake juu ya kilimo cha ushirika cha majirani, na wazee wa vijiji vyetu bado huvitaja vyama hivyo kwa majina. Risaga ulikuwa mwito. Mwenye shamba aliwaita majirani kwa siku moja, wakaja kwa wingi, wakalima, wakala na kunywa alichowaandalia. Egesangio kilikuwa kikundi kidogo cha watu waliolimiana kwa zamu: leo shamba lako, kesho langu, kesho kutwa la jirani wa tatu. Kila mmoja alikuwa na deni kwa kila mmoja.

Tofauti ya mambo haya mawili ndiyo kiini cha hoja yangu. Katika umati wa risaga, mtu mmoja akiinua jembe bila kulishusha kwa nguvu, shamba litalimwa vivyo hivyo na chakula atakipata. Katika egesangio cha watu watano, asiyefika huonekana kabla ya umande kukauka. Makundi mengi tunayoyaunda darasani ni risaga: mwalimu ndiye mwenye shamba, kazi ni yake, na malipo hugawiwa wote kwa usawa. Tunachohitaji ni egesangio.

Wataalamu wa elimu wameyasema haya kwa istilahi zao. Ndugu wawili wa Marekani, David na Roger Johnson, walisisitiza kwa miaka mingi kwamba kundi la ujifunzaji halina budi kuwa na mambo mawili kabla ya mengine yote: kutegemeana kwa wanakundi, na uwajibikaji wa kila mwanakundi peke yake. Likikosekana la kwanza, mwanafunzi hodari hufanya kazi yote. La pili likikosekana, mvivu hujificha.

Mfano uliojengwa waziwazi juu ya kanuni hizi ulianzia Austin, jimboni Texas, mwaka 1971. Shule za mji huo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na uhasama ulikuwa mkali. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliingia madarasani, wakaona kwamba chuki haikutokana na rangi pekee. Mfumo wenyewe wa somo uliwagombanisha watoto: mwalimu anauliza, mikono inainuka, mmoja anachaguliwa, na wengine wanamwombea akosee. Wakaligawa somo vipande kama picha iliyokatwakatwa, kila mtoto akapewa kipande kimoja ambacho hakuna mwenzake aliyekuwa nacho. Ili kuijua picha nzima, ilibidi amsikilize hata yule aliyemdharau. Mtihani ulipofika, kila mtoto aliufanya peke yake, juu ya vipande vyote.

Huenda msomaji akauliza kama sisi tunahitaji kwenda Texas kutafuta chemshabongo, ilhali fasihi simulizi yetu imejaa vitendawili. Swali hilo ni la haki. Vitabu vingi vya kiada hukieleza kitendawili kuwa ni shindano, na kweli ni shindano, lakini tazama pande zake. Mtegaji yu peke yake. Wateguaji wote ni upande mmoja: jibu la mmoja huokoa wote, na wakishindwa, mji unaotolewa ni mmoja kwa niaba yao wote. Hata hivyo, kitendawili hakimlazimishi kila mtu kutamka neno. Anayejua hujibu, na asiyejua hucheka tu. Kwa hiyo kinatufaa kama kianzio cha somo. Kama kazi ya somo lenyewe, bado kina upenyo wa kujificha.

Ubeti uliovunjwa

Ushairi wa arudhi ni chemshabongo iliyokwisha tengenezwa. Vina na mizani ni vipimo ambavyo mwanafunzi anaweza kuvitumia kujisahihisha bila kumngoja mwalimu, na hilo ni jambo adimu. Kwa ajili ya zoezi hili nilitunga ubeti mmoja wa tarbia, makusudi katika mazingira ambayo mwanafunzi wa Nyamira anayafahamu kwa miguu yake:

Jogoo ameshawika, ukungu u milimani,
Mama kikapu ashika, ashuka nacho njiani,
Mchaini akifika, umande u majanini,
Huchuma pasi kuchoka, hadi jua li kichwani.

Ubeti huu una vipande vinane: ukwapi nne na utao nne. Viandike kila kimoja kwenye karatasi yake, kisha ongeza viwili vya uongo. Cha kwanza ni “jua linapochomoza”, chenye mizani nane kamili lakini kina kisicholingana na chochote. Cha pili ni “mama kikapu akishika”, chenye kina sahihi lakini mizani tisa. Sasa unavyo vipande kumi, navyo vinatosha kundi la wanafunzi watano, kila mmoja viwili. Darasa la wanafunzi 60 litahitaji makundi 12. Mwalimu haandiki vipande 120 mwenyewe: huandika seti moja, na kiongozi wa kila kundi huinakili siku moja kabla, akitumia karatasi moja ya daftari. Viongozi hao, kwa kuwa wameuona ubeti wote, siku ya somo huhamishiwa makundi mengine na kupewa kazi ya kuandika mwenendo wa mazungumzo: nani amesema, nani hajasema. Makundi hubaki na watu wanne, na vipande viwili vya mtu wa tano huachwa kifudifudi mezani, vifunuliwe mwishoni.

Sheria ni moja tu, nayo ndiyo inayolibeba zoezi zima: mwanafunzi haruhusiwi kumwonyesha mwenzake karatasi yake. Anaweza kuisoma kwa sauti mara nyingi apendavyo. Hii ina maana kwamba mwenye kalamu hawezi kuzikusanya karatasi zote mkononi mwake akamaliza kazi. Ni lazima aulize, na aliyezoea kunyamaza ni lazima asome.

Kinachofuata ndicho kinachostahili kutazamwa kwa makini. Wanafunzi huanza kwa kutenga vipande vinavyoishia kwa -ka na vinavyoishia kwa -ni. Hapo hukibaini cha uongo cha kwanza. Kisha mtu mmoja hugundua kwamba vyenye -ka ni vitano, na ukwapi ni nne tu. Ndipo vidole vya kuhesabia mizani huanza kutumika, na mara nyingi hubishana kama “jo-go-o” ni silabi mbili au tatu. Ubishi huo ni somo la silabi ambalo ningelifundisha kwa dakika 20 nikiwa ubaoni bila mtu kulikumbuka. Mwisho huja suala la mpangilio, ambalo vina haviwezi kulitatua kwa kuwa mishororo yote ina vina sawa. Lazima wageukie maana: jogoo huwika kabla ya mama kutoka, njia huja kabla ya shamba, na umande hauwezi kuwa kwenye majani jua likiwa kichwani. Umbo na maudhui, ambavyo katika madokezo yetu huwa ni vichwa viwili tofauti, hapa hutenda kazi moja.

Sheria ya kutoonyesha karatasi ina faida ya pili, nayo inahusu matamshi. Ekegusii kina r lakini hakina l ya kupambanua maana, hivyo mwanafunzi wetu anaweza kusoma “mahali” na mwenziwe akasikia “mahari”. Katika usomaji wa kawaida darasani, kosa hili huzaa kicheko. Katika chemshabongo huzaa swali: “Umesema li au ri?” Mwenzake anauliza kwa sababu anakihitaji kile kipande, wala si kwa sababu anataka kumwaibisha, na msomaji hurudia kwa uangalifu. Sijui njia nyingine ya kusahihisha matamshi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili huivumilia kwa urahisi kama hii.

Ngeli, na lugha iliyofukuzwa darasani

Zoezi la pili linagusa jambo ambalo shule nyingi hazipendi kulizungumzia. Wanafunzi wakifanya kazi kwa makundi Kisii au Nyamira, watanong'onezana kwa Ekegusii. Wapo walimu wanaoyaacha makundi kwa sababu hiyo hasa, na zipo shule ambamo mwanafunzi aliyesikika akitumia lugha ya kwanza huadhibiwa. Maoni yangu ni kwamba tunaifukuza darasani lugha inayoweza kutusaidia kufundisha Kiswahili kuliko kitabu chochote cha sarufi.

Tuchukue ngeli. Mwanafunzi anayesema omonto na abanto, omote na emete, ritunda na amatunda, egekombe na ebikombe, tayari ana mtu na watu, mti na miti, tunda na matunda, kikombe na vikombe kichwani mwake. Kinachohitajika ni ayaone maumbo hayo yakiwa yamepangwa sambamba. Basi gawa kazi hivi kwa kundi la wanafunzi wanne: wa kwanza apewe orodha ya nomino za Kiswahili katika umoja, wa pili nomino za Ekegusii zenye maana hizohizo katika umoja na wingi, wa tatu viambishi vya upatanisho, wa nne sentensi zenye mapengo. Hakuna anayeweza kujaza hata pengo moja peke yake.

Utajiri wa zoezi hili unatokea pale lugha mbili zinapoachana. Nyumba katika Kiswahili haibadiliki katika wingi, na mwanafunzi huona ugumu kuelewa zi- ya “nyumba zimejengwa” imetoka wapi. Mwenye orodha ya Ekegusii anapotaja enyomba na chinyomba, swali hujijibu: kile ambacho Kiswahili kimekificha kwenye nomino kimebaki wazi katika lugha yao. Upande wa pili, embori, yaani mbuzi, katika Ekegusii hufuata upatanisho wa umbo lake, ilhali Kiswahili sanifu humpandisha mbuzi hadi ngeli ya A-WA kwa kuwa ana uhai. Hapo ndipo ilipo sababu mojawapo ya “mbuzi imekufa” ambayo tumeikosoa kwa wino mwekundu miaka na miaka bila kuieleza.

Makundi yaliyomaliza mapema nimewahi kuyapa nyongeza: kwa nini tunasema ekerogo, yaani kiti, na Ekegusii, lakini egekombe na egesangio? Wakipewa maneno kumi hivi, kila mtu na yake, wanaweza kugundua wenyewe kwamba k ya kiambishi hugeuka g panapofuata konsonanti isiyo ghuna, kama vile k au s. Wanaisimu huiita kanuni ya Dahl, nayo imeligusa hata jina Gikuyu. Mwanafunzi hana haja ya kulijua jina la Dahl, lakini ninaamini ana haja ya kujua kwamba lugha ya nyanya yake ina kanuni.

Kuhusu lugha ya kuongea katika kundi, napendekeza mpaka mmoja ulio wazi. Wakati wa kutafuta, lugha yoyote ruksa. Wakati wa kutoa maelezo mbele ya darasa, Kiswahili peke yake. Mwanafunzi anayejua kwamba baada ya dakika kumi huenda akaitwa yeye kueleza, ataanza kuyatafuta maneno ya Kiswahili mapema bila kutishwa.

Kundi lenye mgeni ndani yake

Hoja hii ya lugha inanifikisha Borabu. Eneo hili la Nyamira lilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu kabla ya kugawiwa wakulima Waafrika wakati wa uhuru, nalo linapakana na Sotik, katika Kaunti ya Bomet. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huo ulikuwa mahali pa mapigano na uchomaji wa nyumba kati ya majirani Abagusii na Wakipsigis. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa ni watu wazima, na wadogo zao wanaketi pamoja katika baadhi ya madarasa ya upande huu na ule.

Katika darasa la namna hiyo ruhusa ya Ekegusii niliyoitetea hapo juu inageuka kuwa mlango wa kumfungia mtu nje. Mwanafunzi wa Kipsigis akiwa mmoja kati ya watano, na wanne wakinong'onezana, yeye hayupo kundini hata kama jina lake limo kwenye orodha. Kwa hiyo kanuni hubadilika: kundi lenye mtu asiyejua Ekegusii hutumia Kiswahili tangu mwanzo. Hapa Kiswahili kinafanya kazi ambayo vitabu vyetu huisifu kwa maneno makubwa ya umoja wa taifa, ila kinaifanya kwa udogo wake halisi, juu ya dawati, kwa sababu mtu fulani ana kipande ambacho wenzake wanakitaka.

Katika zoezi la ngeli, mwanafunzi huyo apewe orodha ya upatanisho. Kikipsigis ni lugha ya Kiniloti na hakina ngeli za Kibantu, hivyo yeye hatasema “nasikia tu kwamba ni sahihi” kama wenzake. Atawauliza kwa nini, nao watalazimika kueleza. Nimeshuhudia katika shule moja swali la namna hiyo likilisimamisha kundi zima kwa muda mrefu, na maelezo waliyoyatoa hatimaye yalikuwa bora kuliko yangu.

Aronson hakuwahubiria watoto wa Austin wapendane, na sidhani kwamba mahubiri yatafaa zaidi Borabu. Wala sidai kwamba vipande vya karatasi vitatatua masuala ya ardhi. Nasema tu kwamba mtu uliyelazimika kumsikiliza mara 20 katika muhula hawezi kubaki jina la kabila peke yake.

Tamthilia na alama

Kwa madarasa ya juu, mbinu hii huingia kwa urahisi katika fasihi andishi, nami nitaipitia kwa haraka. Katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, kwa mfano, kila mwanakundi anaweza kulisoma onyesho lilelile kwa jicho la mhusika mmoja: Sara, Yona, Neema au Bunju. Wote waliopewa Sara katika makundi mbalimbali hukutana kwanza, wakakubaliana kuhusu ushahidi uliomo katika matini. Kisha kila mmoja hurejea katika kundi lake kama shahidi wa mhusika wake. Swali liwe moja na liwe gumu, kwa mfano nani anawajibika kwa yaliyompata Sara. Swali la kuorodhesha sifa tano za mhusika halihitaji kundi. Linahitaji mwongozo wa kununua dukani, na wanafunzi wanao.

Pingamizi kubwa ninalolisikia kutoka kwa walimu ni mtihani. KCSE hufanywa na mtu mmoja mmoja, na katika madarasa yaliyofurika tangu sera ya kuwapeleka wanafunzi wote shule za upili ilipotiliwa mkazo mwaka 2018, nani ana muda wa michezo? Kwa upande wa muda, ubeti uliovunjwa unatoshea katika kipindi cha dakika 40, pamoja na maelezo. Kwa upande wa alama, nakubaliana na walimu kuliko wanavyotarajia: alama ya kundi isiingizwe kamwe katika rekodi ya muhula. Humwonea aliyefanya kazi na humzawadia aliyelala, na mzazi akija kulalamika atakuwa na haki. Chemshabongo ifanywe pamoja, na siku inayofuata kila mwanafunzi apewe peke yake ubeti mwingine uliovurugwa. Anayejua kwamba kesho atakuwa peke yake huwa na sababu ya kuuliza leo.

Limebaki suala la mwanafunzi asiyefika, na katika shule za kutwa hili hutokea kila wiki: karo, mvua, au siku ya kuchuma majani chai. Kipande chake asipewe mwingine. Kiache kikosekane. Kundi lilijue pengo lilipo, lihesabu mizani inayotakiwa na kina kinachotakiwa, kisha litunge kipande chake la kuziba. Mwenzao akirudi, atakuta bahasha yake, atasoma cha asili kwa sauti, na wote wataamua kipi kibaki. Kundi moja lililokosa “umande u majanini” liliandika “baridi i vidoleni”. Msichana aliyekuwa hayupo aliporudi alisoma chake, akasikiliza chao, akaomba cha kwao ndicho kibandikwe ukutani.